Somo la Wenye Pikapu: Ziba Moshi Kwanza, Ndipo Ubadili Bomba

Katika matoleo yaliyopita tumezoea kuzungumza habari za miche, za kuanika na za kuchambua makonyo. Safari hii twaomba ruhusa yenu tuiache karafuu mtini, tuifuate njiani. Karafuu haiendi sokoni kwa miguu yake. Aghalabu huchukuliwa na pikapu kuukuu, na pikapu hiyo ina bomba la moshi, ambalo sote twaliita eksozi. Hilo ndilo somo letu la leo.

SABABU YA KUANDIKA

Katika msimu uliopita, siku moja ya mvua, pikapu ya Chama ilirudi kutoka shamba na wachumaji saba nyuma, pamoja na magunia ya karafuu mbichi. Dereva aliwafunika kwa turubali, akalifunga pande zote ili wasirowe. Alifanya hivyo kwa huruma. Safari haikutimia nusu saa, lakini walipoteremka bibi mmoja alikuwa akitapika, mwenziwe ameshika kichwa akisema chapasuka, na kijana mmoja hakuweza kusimama. Sisi tulidhani ni njaa, au ni homa. Daktari alipowatazama hakuuliza wamekula nini. Aliuliza, "Mmekuja na gari ya namna gani, na mlikaa wapi?" Akawapa oksijeni, na jioni walirudi kwao wazima, alhamdulillahi.

Kesho yake tuliingia chini ya gari na tochi. Tuliona bomba limeliwa na kutu mbele ya sailensa, pana tundu la kupita kidole gumba. Kipande cha mwisho cha bomba nacho kilikuwa kimekatwa zamani, kikiishia chini ya bodi badala ya kutokeza nje yake. Moshi wote ulikuwa ukipanda juu, ndani ya turubali.

Yatupasa kusema kweli. Dereva alikuwa ametueleza habari ya mlio ule miezi miwili kabla, nasi wa kamati tukamjibu angoje fedha za mavuno. Kosa hilo ni letu. Twaliandika hapa ili lisije likawa la mwingine.

MOSHI HUU NI KITU GANI

Watu wengi hudhani kwamba moshi wa hatari ni ule mweusi unaoonekana. Sivyo. Katika moshi wa petroli mna hewa iitwayo kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu. Mtu akiivuta huingia katika damu na kushika mahali pa oksijeni, na nguvu yake ya kuishika damu ni zaidi ya mara 200 kuliko ile ya oksijeni. Basi mtu huvuta pumzi, kifua chapanda na kushuka, lakini mwili haupati unachokihitaji. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika na miguu kulegea. Mwisho wake ni kuzimia na kufa. Mtu aliyelala hapati dalili yoyote ya kumwamsha.

Ukiona dalili hizo kwa watu waliomo katika gari moja, usimpe mtu chai wala kidonge kwanza. Mtoe penye upepo, izime gari, kisha mpeleke hospitali na umweleze daktari habari ya moshi.

SAFARI YA MOSHI

Ili tuelewane, na tufuate moshi kutoka injini mpaka nje. Pikapu yetu ni Toyota Hilux yenye injini ya petroli iitwayo 22R-E, ya silinda nne, ujazo wake sentimita za ujazo 2,366. Toyota waliendelea kuitia injini hiyo katika pikapu zao mpaka mwaka 1995. Herufi ile ya E ndiyo ituonyeshayo kwamba gari haina kabureta. Petroli hupulizwa na nozeli, na kompyuta ndogo ndiyo inayoamua ipulizwe kiasi gani.

Moshi hutoka katika silinda ukaingia katika manifoldi, ambayo ni chuma kizito chenye matawi manne yanayokutana. Hapo huteremka kwa bomba la mbele. Gari nyingine huwa na kisafisha moshi, yaani kopo lenye kitu mfano wa sega la nyuki ndani yake. Kisha moshi hupita katika sailensa inayopunguza kelele, na mwisho hutoka kwa bomba la nyuma. Vipande hivi vimeunganishwa kwa gasketi na bolti, navyo vimetundikwa chini ya gari kwa mipira.

Karibu na manifoldi, gari nyingi za nozeli huwa na sensa ya oksijeni, kitu kidogo mfano wa plagi, chenye waya. Nyingine hazikutiwa sensa hiyo. Tazama yako kwanza kabla hujaagiza kitu. Kazi ya sensa ni kuonja moshi na kuipa kompyuta khabari. Petroli ikiungua sawasawa, kilo 1 yake huhitaji kilo 14.7 za hewa. Sensa ikiona oksijeni imebaki nyingi katika moshi, kompyuta hujua kwamba petroli ni kidogo, huongeza. Ikiona oksijeni haba, hupunguza.

Hapa ndipo gari ya nozeli inapoachana na gari ya kabureta. Kabureta haijui lolote linalopita katika eksozi. Kompyuta hujua, na huweza kudanganywa.

TUNDU DOGO, HASARA KUBWA

Mtu atasema: moshi watoka kwa nguvu, hewa itaingiaje tunduni? Jibu lake ni hili. Moshi hautoki kama maji ya mfereji, bali hutoka kwa mapigo, pigo moja baada ya jingine. Nyuma ya kila pigo pana upungufu mdogo wa mgandamizo, na katika upungufu huo hewa ya nje hufyonzwa ndani kwa tundu au ufa. Hewa hiyo ikifika katika sensa, sensa husema oksijeni ni nyingi, na kompyuta huzidisha petroli isiyohitajiwa. Ni kama mpishi aonjaye mchuzi kwa mwiko: ukimtilia maji mwikoni, yeye atazidisha chumvi sufuriani.

Tulipokuwa chini ya gari tuliona na kosa la pili. Gasketi iliyo kati ya injini na manifoldi ilikuwa imeungua, na pembeni yake chuma kilikuwa na alama nyeusi ya masizi. Asubuhi, injini ikiwa baridi, ilikuwa ikitoa mlio wa "tik, tik, tik", kisha ikipata moto mlio hupungua, kwa kuwa chuma hutanuka kwa joto na kuziba ule mwanya kidogo. Tulizoea mlio huo hata tukauona ni sauti ya gari yenyewe. Tulipofungua plagi zilikuwa nyeusi kama chungu cha kuni. Kwa hiyo tundu la nyuma lilidhuru watu, na ufa wa mbele ulidhuru mfuko wa Chama. Wahenga wamesema usipoziba ufa utajenga ukuta; sisi tulikuwa karibu na kujenga ukuta.

SHAURI LA BOMBA KUBWA

Khabari ilipoenea, kila mtu alileta shauri lake. Dereva wetu, ambaye ni kijana hodari, alisema mbele ya fundi, "Bwana Katibu, maadam twabadilisha, tutie bomba la inchi 3, na sailensa tuitoe. Gari itapata nguvu ya kupanda mlima."

Fundi, ambaye ni mtu mzima, alicheka akasema, "Mwanangu, nguvu ya gari haipimwi kwa masikio. Debe tupu ndilo livumalo."

Lakini hatukutaka kumnyamazisha kijana kwa methali tu, kwani neno lake lina nusu ya kweli. Tulikaa tukafanya hesabu.

Injini yetu huvuta lita 2.366 za hewa katika kila mizunguko miwili. Ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, na pedali imekanyagwa mpaka chini, huweza kuvuta hadi lita 2,366 hivi kwa dakika moja. Moshi utokao ni wa moto, nao umetanuka, hivyo huchukua nafasi kubwa zaidi. Bomba likiwa jembamba mno, au limebonyea, injini hufanya kazi ya kuusukuma moshi, na nguvu yake hupotea. Hiyo ndiyo nusu ya kweli.

Nusu ya pili ni hii. Bomba la inchi 2 lina nafasi ya inchi za mraba 3.14. La inchi 2 na robo lina 3.98, yaani limezidi kwa robo na kidogo. La inchi 3 lina 7.07, zaidi ya mara mbili. Moshi ule ule ukipita katika nafasi iliyo mara mbili, mwendo wake hupungua kwa nusu. Nasi twahitaji mwendo, kwa sababu pigo la moshi likikimbia huvuta nyuma yake mabaki yaliyomo katika silinda, na silinda hupata nafasi ya kuingiza hewa mpya. Watu husema kwamba injini yahitaji kuzuiliwa moshi wake ili ipate nguvu; maneno hayo si sawa. Injini haihitaji kizuizi. Yahitaji moshi uende mbio bila kukwama.

Gari ya mashindano huzunguka mara 6,000 na zaidi, nayo hutoa moshi mwingi wa kujaza bomba pana. Pikapu ya karafuu hupanda vilima vya shamba na magunia mgongoni, na injini yake huzunguka kati ya mara 1,500 na 3,000. Kwa injini ya namna hii, inchi 2 na robo zatosha kabisa. Ukizidisha utapata kelele nyingi, na mlimani utaona gari imekuwa nzito kuliko jana. Dereva alipoiona hesabu ile karatasini aliridhika, akasema, "Basi na iwe robo."

MANIFOLDI NA KISAFISHA MOSHI

Manifoldi ya chuma kizito huweza kupasuka ikizeeka. Itazame kwa tochi, hasa mahali matawi yanapokutana. Zipo manifoldi za mabomba manne membamba zinazouzwa kwa kuongeza nguvu. Huongeza kidogo, lakini chuma chake ni chembamba, na hewa ya bahari haikihurumii. Sisi tulibakisha ile ya zamani kwa kuwa haikuwa na ufa, tukalainisha uso wake na kutia gasketi mpya. Ukinunua mpya, hakikisha ina tundu la sensa, ikiwa gari yako inayo.

Ama kisafisha moshi, mafundi wengi hukifungua na kukitoboa ndani, wakisema chazuia nguvu. Kilicho kizima huzuia kidogo sana, nacho ndicho kinachogeuza kaboni monoksidi kuwa hewa isiyo na sumu hiyo. Kilichovunjika au kuyeyuka huziba kweli. Utakijua kwa kugongagonga ndani kama njuga, au kwa gari kukosa pumzi mlimani. Hicho kibadilishe. Zamani petroli yenye risasi ilikuwa ikiviua visafisha moshi hivyo, lakini nchi za Afrika zilizo kusini ya Sahara ziliacha petroli hiyo kufikia mwaka 2006, na Algeria ikawa nchi ya mwisho duniani kuiacha, mwaka 2021. Kwa hiyo udhuru huo hauna nguvu tena. Adui aliyebaki ni petroli iliyozidi, ambayo huenda kuungulia ndani ya kopo na kuliyeyusha. Ndiyo maana tumesema ziba kwanza.

CHUMA CHA KUCHAGUA

Eksozi yetu huliwa kutoka pande mbili. Nje, ni chumvi ya bahari na tope. Ndani, ni maji. Petroli lita 1 ikiungua hutoa maji yapatayo lita 1, ambayo hutoka kama mvuke. Safari ikiwa ndefu bomba hupata moto na mvuke wote hutoka. Safari za shamba ni fupi, na mvuke hugeuka maji ndani ya sailensa, maji hayo yakachanganyika na moshi yakawa makali. Ndiyo sababu sailensa nyingi huwa na kitundu kidogo chini yake. Kitundu hicho kimewekwa makusudi, kivuje maji. Usimwambie fundi akizibe.

Chuma cha kawaida ni rahisi kwa bei, lakini kwetu hakidumu. Chuma kilichopakwa alumini ni bora. Bora zaidi ni chuma kisichoshika kutu. Hicho nacho kina namna zake: ile iitwayo 409 ina kromiamu ya asilimia 11 hivi, nayo hubadilika rangi na kushika kutu ya juu juu, ile iitwayo 304 ina kromiamu ya asilimia 18 na nikeli ya asilimia 8 hivi, nayo hustahimili chumvi zaidi. Chama kilitia 409 kwa sababu ya fedha, na twaridhika nayo.

Jambo moja twalikataza. Mafundi wengine hutumia bomba la maji lililopakwa zinki, kwa kuwa lapatikana madukani kila mji. Zinki ikichomelewa hutoa mafusho meupe, na fundi ayavutaye hupata homa na baridi usiku ule, akadhani ni malaria. Bomba la maji na libaki kwa maji.

KAZI YENYEWE

Tuliifuata kazi kwa utaratibu huu:

1. Bolti kuukuu zilitiwa mafuta ya kulegeza kutu tangu usiku. Bolti ya manifoldi ikikatikia ndani ya injini, kazi ya saa moja huwa ya siku mbili.

2. Kabla ya kuchomelea tuliondoa waya wa betri, na plagi ya kompyuta tukaichomoa. Waya wa ardhi wa mashine ya kuchomelea ulifungwa karibu na mahali pa kuchomelea. Umeme wa mashine ukipita katika kompyuta huiua, na kompyuta yenyewe ni ghali kuliko eksozi yote.

3. Bomba lilikunjwa baada ya kujazwa mchanga mkavu na kuzibwa ncha, ili lisibonyee penye kona. Bomba la inchi 2 na robo lililobonyea ni jembamba kuliko la inchi 2 lililo zima.

4. Tuliliweka mbali na tangi, mabomba ya petroli na mipira ya breki. Katika gari ya nozeli petroli hupita kwa mgandamizo mkubwa. Ikivuja juu ya chuma cha moto ni moto mara moja. Penye ubao wa bodi tulitia bati la kukinga joto.

5. Bomba lilitundikwa kwa mipira mipya, wala halikuchomelewa kwenye chasisi. Bomba la mita 3 likipata joto la digrii 300 zaidi hurefuka kwa sentimita 1 hivi. Likifungwa kabisa litapasuka, na ufa utarudi.

6. Ncha ya mwisho ilitolewa nje kabisa, kupita ukingo wa nyuma wa bodi. Hata sentimita chache zikibaki chini ya bodi, moshi utapanda kwa watu na mizigo. Na karafuu, wanachama, huuzwa kwa harufu yake.

KUJARIBU

Usimlipe fundi kabla ya jaribio hili. Injini ikiwa baridi, iwashe mahali pa wazi, kisha mtu azibe ncha ya bomba kwa kitambaa kinene kilichorowa, kwa muda mfupi tu. Mwingine asikilize kutoka mbele mpaka nyuma. Kazi ikiwa nzuri, injini itahema au itazima. Ikiwa pana ufa utasikia "sss". Paka maji ya sabuni penye viungo, nawe utaona mapovu. Kitundu cha maji chini ya sailensa kitatoa povu lake, hicho kiache. Baada ya wiki mbili rudi ukaze bolti, maana gasketi mpya hukaa.

Wenye gari za dizeli na za kabureta wasiseme somo hili si lao. Habari za sensa haziwahusu wengi wao, lakini tundu na bomba lililokatwa huwahusu wote.

TULIYOAMUA

Kamati imekata mashauri mawili. La kwanza, hapana mtu atakayepanda nyuma ya gari ya Chama ikiwa imefunikwa turubali, hata eksozi iwe mpya. Kufungua upande wa nyuma peke yake hakutoshi, kwa kuwa gari iendapo, hewa iliyo nyuma yake huzunguka na kuuvuta moshi ndani. Mvua ikinyesha, gari itangoja, au watu watangoja na gari itapeleka magunia. La pili, dereva akisema asikia mlio mpya, gari itatazamwa siku ile ile, wala hataambiwa angoje mavuno.

Bibi yule aliyetapika amerudi shambani. Tulipokwenda kumtazama na kumtaka radhi alisema, "Mwanangu, mimi nilidhani ni uzee." Neno hilo halijatutoka. Watu hupanda gari yetu kwa kutuamini, na likiwapata jambo hujitafutia sababu wenyewe.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini gasketi iliyoungua mbele ya sensa huzidisha matumizi ya petroli?
2. Kitundu kilicho chini ya sailensa ni cha kazi gani?
3. Bomba la inchi 3 lina nafasi mara ngapi kuliko la inchi 2?
4. Ncha ya bomba la gari yako huishia wapi? Swali hili usilijibu kwa kukumbuka. Nenda ukatazame.